Kutoka Kivukoni hadi Kariakoo: Mwanafunzi wa Nairobi katika Mji wa Dar es Salaam

Katika orodha ya miji ya kihistoria ya pwani ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam kwa kawaida huwekwa mwishoni au huachwa kabisa. Wanafunzi wanaopanga ziara za masomo huelekea Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Gedi, Bagamoyo au Kilwa Kisiwani, mahali ambapo ukale unaonekana kwa macho katika milango iliyochongwa, misikiti ya matumbawe na magofu yaliyozungushiwa uzio, ilhali Dar es Salaam huhesabiwa kuwa mji wa kupitia tu, wenye bandari, uwanja wa ndege na foleni ya magari. Mtazamo huo una sababu yake, kwa kuwa mji huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1860, zaidi ya karne tano baada ya msafiri Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331. Hata hivyo, ni umri huo mfupi unaoufanya mji kuwa somo jema kwa mgeni mwenye muda mchache, kwa maana utawala wa masultani, ukoloni wa Wajerumani, ukoloni wa Waingereza, harakati za uhuru, siasa ya ujamaa na biashara huria vyote vimeacha alama zake ndani ya eneo ambalo mtu mwenye miguu mizima analimaliza kwa siku mbili bila kupanda gari.

Makala haya yanafuata ziara fupi ya namna hiyo, ambayo mwanafunzi wa historia kutoka Nairobi anaweza kuifanya mwishoni mwa juma, akianzia ufukweni Kivukoni na kuishia katika mitaa ya Kariakoo. Mwelekeo huo una maana yake. Majengo na sanamu za upande wa bahari ziliwekwa na watawala waliotaka kukumbukwa, na ndizo zinazojaza picha za watalii, lakini matukio yaliyoigeuza nchi yalitokea upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja, katika mitaa ambayo wakoloni waliitenga kwa ajili ya Waafrika. Mgeni anayeishia ufukweni anaondoka na nusu ya historia, na hiyo ni nusu iliyotungwa na wenye mamlaka.

Safari ya kufika haihitaji maelezo marefu. Mabasi ya kutoka Nairobi hupitia Namanga, Arusha na Moshi, yakaifuata barabara ya Korogwe na Chalinze, kisha huishia Mbezi Luis katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichoanza kutumika mwaka 2021 na kilicho mbali na katikati ya mji. Kutoka upande huo, njia nyepesi ya kuingia mjini ni mwendokasi, yaani mabasi marefu yanayopita katika njia zake maalumu katikati ya barabara, ambayo yalianza huduma mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, huku tawi lake moja likiishia Gerezani, Kariakoo. Anayejua Kiswahili hahitaji kiongozi wa watalii. Anachohitaji ni viatu imara, maji ya kunywa, na busara ya kutembea asubuhi na alasiri, kwa sababu jua la saa saba mchana katika mji huu halina huruma na mgeni aliyezoea baridi ya nyanda za juu.

Ufukwe wa watawala

Mwanzilishi wa mji alikuwa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye alivutiwa na ghuba yenye maji ya kina na iliyokingwa na upepo karibu na kijiji cha Mzizima, akakusudia kujenga huko bandari ya bara itakayopokea misafara ya pembe za ndovu na kumpunguzia utegemezi wa miji ya zamani ya mrima, yaani ya pwani ya bara. Kazi hiyo ilikatika alipofariki mwaka 1870, kwa kuwa ndugu yake na mrithi wake, Barghash, hakuipenda, na kwa miaka mingi mji ukabaki na majengo yaliyoachwa nusu na wakazi wachache. Kasri alilojijengea Majid limetoweka. Lililobaki ni Boma la Kale, penye makutano ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, ambalo lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kuwa nyumba ya wageni wa Sultani.

Boma hilo linafaa kuwa kituo cha kwanza cha ziara kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha wazi ufundi wa ujenzi wa pwani, yaani kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zilizobebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za namna hii huwa virefu na vyembamba. Pili, jengo hilo sasa lina kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam kijulikanacho kwa kifupi kama DARCH, chenye maonyesho ya ramani na picha yanayoeleza jinsi mji ulivyokua, na mgeni akianza na ramani hizo, mitaa atakayoipita baadaye inasomeka kwa urahisi zaidi. Hatua chache kutoka hapo ipo Nyumba ya Atiman, ambayo nayo ni ya wakati wa Majid. Baadaye ilimilikiwa na Mapadri Weupe na kupewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, na kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi uzeeni.

Wajerumani waliingia mwaka 1887 kupitia kampuni yao ya kikoloni, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo, ambako maji ni mafupi na meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali na pwani. Mfululizo wa majengo yao unaonekana kandokando ya ghuba: kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na mapaa ya vigae vyekundu, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye matao yaliyochongoka kwa mtindo wa Kigothi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897, na hospitali ya Ocean Road, ya mwaka huohuo, ambayo siku hizi ni taasisi ya kutibu saratani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilithibitisha kuwa mji huu ndio mlango wa koloni zima. Ikulu iliyopo sasa ilijengwa upya na Waingereza mwaka 1922 mahali palipokuwa na makazi ya gavana wa Kijerumani, ambayo yaliharibiwa kwa mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni huitazama kwa mbali na haruhusiwi kuipiga picha.

Nyuma ya Ikulu kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, na kando yake, katika Mtaa wa Shaaban Robert, yapo Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, lakini kinachowavuta wanafunzi wengi ni habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Kwa mwanafunzi wa Kenya liko jambo jingine la kusimamia kwa muda, nalo ni kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11 Dar es Salaam siku ileile ambayo shambulio jingine liliwaua zaidi ya 200 Nairobi.

Sanamu katikati ya barabara

Kutoka makumbusho, Barabara ya Samora humpeleka msafiri hadi kwenye mzunguko wenye Sanamu ya Askari, ambayo ni alama inayojulikana kuliko zote katikati ya mji. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na inamwonyesha askari ameinama mbele na bunduki yenye singe ikielekezwa bandarini. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wameweka mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyeuzima upinzani wa Abushiri kati ya mwaka 1888 na 1889. Waingereza, baada ya kuuteka mji Septemba 1916, waliiondoa, ikasafirishwa Ulaya, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, hadi wanafunzi wa chuo hicho walipoiangusha katika maandamano ya mwaka 1968. Kwa hiyo, sanamu ya mtawala wa Dar es Salaam iliangushwa hatimaye na wanafunzi, tena katika nchi yake mwenyewe.

Maandishi ya msingi wa Sanamu ya Askari, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanafaa kusomwa kwa makini kuliko sanamu yenyewe, kwa sababu yanawataja pia wapagazi, yaani watu waliobeba kwa vichwa na mabega chakula, risasi na majeruhi wa jeshi katika nchi isiyo na barabara, na ambayo mbung'o waliifanya isipitike kwa farasi wala punda. Waingereza na washirika wao waliwaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wapagazi wametajwa katika maandishi, lakini umbo lililosimamishwa juu ni la askari peke yake. Upungufu huo una jibu lake upande mwingine wa mji, kama itakavyoonekana.

Majina ya mitaa ya eneo hili ni ramani ya pili iliyochorwa juu ya ile ya wakoloni. Barabara ya Samora, ambayo Waingereza waliiita kwa jina la miakasia na serikali huru ikaiita barabara ya uhuru, sasa inamkumbuka rais wa kwanza wa Msumbiji. Azikiwe, Nkrumah na Lumumba wana mitaa yao. Na Makunganya, mpinzani wa ukoloni aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa mwaka 1895, ana mtaa wake karibu na benki. Majina hayo hayakutolewa kwa adabu ya kidiplomasia tu. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliundwa katika mji huu tarehe 25 Juni 1962, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake hapa kuanzia mwaka 1963, na kwa miaka kadhaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikaa, wakajadiliana na kushuku majasusi katika hoteli na ofisi za mitaa hii. Mwanafunzi anayependa vitabu hapiti Samora bila kuingia katika duka la vitabu la TPH, lenye jina la shirika la uchapishaji la Tanzania Publishing House, ambalo mwaka 1972, kwa kushirikiana na wachapishaji wa London, lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, wakati mwandishi huyo wa Guyana akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mji wa maeneo matatu

Ili kuelewa kinachofuata, inafaa kueleza mpango uliouongoza mji kwa zaidi ya nusu karne. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa mji katika maeneo matatu kulingana na aina ya nyumba: eneo la nyumba za mtindo wa Kizungu karibu na bahari, eneo la nyumba imara za biashara na makazi, na eneo la nyumba za miti na udongo. Waingereza waliuendeleza mpango huo katika miaka ya 1920. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi badala ya rangi ya mwenye nyumba, lakini kwa kuwa uwezo wa kununua saruji na vigae uligawanyika kwa rangi, matokeo yalikuwa yaleyale, na watu wa mji waliyaita maeneo hayo bila kuficha: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Uhindini ndiyo inayoanzia nyuma ya Samora, katika mitaa ya India, Indira Gandhi, Zanaki, Mosque, Jamhuri na Kisutu. Nyumba zake za ghorofa mbili au tatu zilijengwa na familia za wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch, duka likiwa chini na makazi juu, na nyingi zina vibaraza vya mbele vyenye nakshi pamoja na jina la familia au mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwenye paji la jengo. Karibu kila hatua mia msafiri hukutana na hekalu la Wahindu, msikiti, jamatini ya Waismailia au shule iliyojengwa na jumuiya fulani. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya umma ambayo kazi zake baadaye zilichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na familia nyingi za Kiasia zikahamia Uingereza na Kanada. Hivi sasa nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya vioo, na anayetaka kuzipiga picha hana haja ya kungoja ziara ya pili. Jioni, mitaa hii huwa mahali pazuri pa kula mishkaki iliyochomwa kando ya barabara, au kunywa kahawa chungu kwa kashata kutoka kwa muuzaji anayegonganisha vikombe vyake ili asikike.

Mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini ulikuwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao Waingereza waliuacha wazi kwa hoja ya afya ya umma, wakidai kuwa nafasi hiyo ingezuia magonjwa yasivuke kutoka upande wa Waafrika. Leo uwanja huo una Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na barabara inayoupita upande wa mji ina jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1926, kiongozi wa ngoma ambaye kuanzia mwaka 1955 aliwaingiza maelfu ya wanawake katika chama cha TANU kupitia vikundi vyao vya ngoma na ujirani. Mstari uliochorwa kuwazuia watu wa upande wa pili wasivuke umepewa jina la mmoja wao aliyewaongoza kuuvuka.

Upande wa pili

Kariakoo ilitokana na kambi ya wale wapagazi waliotajwa kwenye msingi wa Sanamu ya Askari, kwa kuwa Waingereza waliwakusanya hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, lilipopita katika midomo ya watu, likawa jina la mahali. Wapagazi hawakupata sanamu Dar es Salaam, lakini hakuna sanamu inayotajwa kila siku na watu wengi kiasi hicho. Baada ya vita, eneo hilo, ambalo Wajerumani walikuwa wamekwisha kulipima kwa ajili ya makazi ya Waafrika, liligawanywa katika viwanja vidogo kwenye mitaa iliyonyooka, na wakazi wakaruhusiwa kujenga na kumiliki nyumba zao wenyewe.

Nyumba iliyotawala mitaa hiyo inaitwa nyumba ya Kiswahili: nyumba ya chini yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi uwani, ambako ndiko kulikuwa na jiko, choo na kisima, na mbele yake ikiwa na baraza ya kukalia. Muundo huo ulimwezesha mwenye nyumba kuishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na kwa njia hiyo likazaliwa tabaka la Waafrika wa mjini, wakiwemo wanawake, waliokuwa na kipato kisichotegemea mshahara wa serikali wala wa Mzungu. Umuhimu wa jambo hilo kwa siasa haukadiriki kirahisi. Mtumishi wa serikali aliyeingia katika siasa aliweza kufukuzwa kazi na kupoteza nyumba kwa siku moja, lakini mwenye nyumba wa Kariakoo na mfanyabiashara wa sokoni hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

Ndiyo maana vyama vya siasa vilikulia hapa. Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa mwaka 1929 na ambacho Kleist Sykes alikuwa mmoja wa waasisi wake, kilijenga ofisi yake New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, kwenye ukingo wa Kariakoo. Mwaka 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglo ulio Mnazi Mmoja, Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa New Street. Waliompokea na kumtegemeza mwalimu huyo walikuwa watu wa mitaa hii: Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa sokoni na mzee wa TANU. Mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilifunguliwa katika jengo la TANU kwenye Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Yoweri Museveni wa Uganda, aliyesoma Mlimani kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, ni mmoja tu wa wanafunzi wa kigeni waliokuja kusoma na kujifunza siasa katika chuo kilichoanzia hapa.

Katikati ya Kariakoo lipo soko kuu, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufungua ofisi yake ya usanifu majengo. Jengo hilo la mwanzoni mwa miaka ya 1970 lina paa la zege linaloundwa na miamvuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ambayo huruhusu hewa ya moto kutoka na kukusanya maji ya mvua, yakateremka ndani ya nguzo hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Ni jengo la kisasa kabisa, lakini linatenda kazi ya mti wa sokoni: linatia kivuli bila kuzuia upepo. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliliharibu, na serikali ikaamua kulikarabati badala ya kulibomoa, huku jengo jipya la ghorofa likijengwa pembeni yake.

Nje ya soko, biashara imevuka mipaka ya jengo lolote. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe, Mchikichi na Sikukuu ina maduka ya jumla na rejareja ya nguo, viatu, vitenge, simu, vyombo vya plastiki na vifaa vya ujenzi, na wanunuzi wake hutoka mikoani, Zambia, Malawi, Komoro na Kongo, wakirudi na marobota yanayofungwa barabarani hapohapo. Uchumi huu una taratibu na istilahi zake. Chumba cha duka huitwa fremu. Fedha ambayo mpangaji mpya hulipa mbali na kodi ili aachiwe fremu huitwa kilemba. Na winga ni kijana asiye na duka ambaye humdaka mteja mtaani, akamfikisha kwenye bidhaa anayoitaka, na kupata chake kwa kuongeza bei juu ya ile ya mwenye duka. Mgeni anayejua kazi ya winga hatamwona kuwa mlaghai wala mkarimu kupita kiasi, bali mtu wa kati ambaye malipo yake yamo ndani ya bei. Kwa upande wa mazungumzo, wazee wanaoketi kwenye baraza chache zilizobaki ni hazina ya kumbukumbu za mtaa, lakini kijana anayewaendea huanza na shikamoo, akangoja marahaba, akajieleza ametoka wapi na ni mtoto wa nani, na ndipo akauliza.

Baraza hizo zinapungua kwa kasi. Thamani ya viwanja imezifanya nyumba za Kiswahili zibomolewe na mahali pake pasimame maghorofa ya maduka, mara nyingi kwa mapatano ambayo warithi wa mwenye nyumba wa zamani hutoa kiwanja, mwekezaji hutoa fedha, na pande hizo mbili zikagawana jengo. Ujenzi huo wa kubanana una hatari zake, kama ilivyodhihirika tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo lilipoporomoka asubuhi na kuwaua wafanyabiashara na wateja waliokuwa ndani.

Kariakoo mbili

Kwa mwanafunzi wa Nairobi, ziara hii ina faida ambayo mtalii wa kawaida hawezi kuipata, kwa kuwa mji wake una jozi ileile. Kenyatta Avenue kuna sanamu ya askari wa vita hivyohivyo, kazi ya mchongaji huyohuyo, iliyozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na upande wa mashariki wa mji kuna Kariokor, iliyopata jina lake kwa wapagazi walewale. Tofauti zake zinafundisha. Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi mwenyewe. Dar es Salaam ina askari mmoja tu. Lakini Kariokor ya Nairobi, ambayo baraza la mji liliijengea mabweni ya wafanyakazi wanaume, inajulikana leo kwa soko la vyondo na nyama choma, wakati Kariakoo ya Dar es Salaam imekuwa chimbuko la chama kilicholeta uhuru na kitovu cha biashara ya nchi kadhaa.

Maelezo moja ya tofauti hiyo, ambayo matembezi haya yanayaunga mkono ingawa hayawezi kuyathibitisha, yanahusu umiliki wa nyumba. Pale ambapo Mwafrika wa mjini aliruhusiwa kujenga, kupangisha na kurithisha, alipata muda, kipato na mahali pa kukutania, na vyama vikaota mizizi barazani. Pale alipolazwa bwenini kwa sababu tu alikuwa na kazi, aliendelea kuwa mgeni katika mji alioujenga, na Nairobi siasa ilibidi ipite zaidi katika vyama vya wafanyakazi, na pia katika Pumwani, mtaa ambao Waafrika waliruhusiwa kujijengea. Mwanafunzi anayetaka kuipima hoja hiyo hana haja ya kwenda mbali na Mnazi Mmoja, kwa kuwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, katika Mtaa wa Vijibweni, na humo mna majalada ya viwanja, kodi na masoko ya wakati wa Waingereza. Kibali cha utafiti huombwa mapema kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa hiyo kazi hiyo haiwezi kubanwa ndani ya ziara ya mwisho wa juma. Lakini atakayeingia katika chumba cha kusomea baada ya kuitembea mitaa hii kwa miguu atakuwa anajua kila kiwanja kilichotajwa kilikuwa upande gani wa uwanja.